Maswali ya Wasomaji: Kusokota Nyuzi za Selulosi kwa Umeme

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi namna volti kubwa inavyoweza kulivuta tone la mmumunyo wa polima (kemikali ambayo molekuli zake ni minyororo mirefu) likawa uzi mwembamba wa nanomita mia chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa karibu nanomita 70,000. Barua zilizofuata, kutoka Unguja na Pemba, nyingi zimehusu nyuzi zinazotokana na selulosi, ile polima inayojenga kuta za mimea, iliyochanganywa na polima nyingine. Tumechagua tano. Majibu yametofautiana urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Assalaam alaykum Maalim. Ninasoma kemia hapa Tunguu. Nimeyeyusha kaboksimethili selulosi katika maji, nikaijaza katika bomba la sindano na kupandisha umeme hadi kilovolti 20, lakini yanayotoka ni matone matupu. Nikiongeza unga, mmumunyo unakuwa mzito hata pampu inashindwa. Nimeshauriwa nichanganye na polivinili alkoholi kwa kiasi cha 80 kwa 20. Sielewi itasaidia nini, wala sielewi 80 hiyo ni ya kitu gani.

Wa alaykum salaam, mwanangu. Kazi ya umeme ni kuvuta tu. Volti inapopanda, tone lililo kwenye ncha ya sindano huchongoka likawa na umbo la pia, ambalo wataalamu huliita koni ya Taylor kwa jina la Geoffrey Taylor, mwanafizikia Mwingereza aliyelichambua kwa hesabu mwaka 1964, na kwenye kilele chake huchupa mchirizi unaokimbilia bamba lililounganishwa na ardhi. Mchirizi huo hubaki mzima iwapo minyororo ya polima iliyomo ndani yake ni mirefu na imekamatana, kama usumba unavyokamatana unapopotolewa baina ya viganja. Isipokamatana, mvutano wa uso wa kimiminika huukatakata mchirizi, na hayo ndiyo matone unayoyaona.

Kaboksimethili selulosi, yaani selulosi iliyogeuzwa kikemia ili iyeyuke katika maji, ina kasoro mbili kwa kazi hii. Uti wake ni wa selulosi, kwa hiyo ni mkakamavu na haupindi kwa urahisi. Zaidi ya hayo, kila mnyororo umebeba chaji hasi nyingi, hivyo minyororo husukumana pale ambapo tungetaka ishikane. Mnato wake hupanda upesi kwa kuwa kila mnyororo umejinyoosha na kutwaa nafasi kubwa ndani ya maji, na pampu huelemewa kabla mmumunyo haujafikia wingi unaotosha kuifunganisha minyororo. Polivinili alkoholi ni kinyume chake: mnyororo wake ni mnyumbufu, hauna chaji, huyeyuka katika maji, na umejaa vikundi vya haidroksili vinavyoshikana na vile vya selulosi kwa vifungo vya haidrojeni. Huo ndio unaofanya kazi ya kubeba uzi, na selulosi yako husafiri ndani yake.

Sasa tuingie katika ile 80 kwa 20, ambayo ndiyo inayowapoteza wanafunzi wengi. Chukua gramu 80 za mmumunyo wa polivinili alkoholi wa asilimia 10, na gramu 20 za mmumunyo wa kaboksimethili selulosi wa asilimia 2. Ukiandika kwamba umechanganya kwa 80 kwa 20, umesema kweli kuhusu mimumunyo, lakini angalia kinachobaki maji yakishakauka: gramu 8 za polivinili alkoholi na gramu 0.4 za kaboksimethili selulosi. Utando wako, yaani tabaka la nyuzi linalojikusanya juu ya bamba, una selulosi iliyo chini ya asilimia 5. Ukitaka kweli polima yenye selulosi ifike asilimia 20 ya yabisi yote, gramu 8 hizo zinahitaji gramu 2 za kaboksimethili selulosi, yaani gramu 100 za ule mmumunyo wa asilimia 2. Na hapo polivinili alkoholi itakuwa imezimuliwa hadi takriban asilimia 4.4, kiwango ambacho ni chepesi mno kutoa uzi mzuri. Njia ya kutokea ni kutafuta kaboksimethili selulosi yenye uzito mdogo wa molekuli, ambayo mnato wake ni mdogo, na kuutia unga mkavu kidogo kidogo moja kwa moja ndani ya mmumunyo wa polivinili alkoholi huku ukikoroga, badala ya kuuyeyusha pembeni kwa maji mengi. Na katika tasnifu yako, andika uwiano wa yabisi kwa uzito. Nimesoma kazi zinazojiita za nyuzi za selulosi ambazo, ukizipigia hesabu hii, ni nyuzi za polivinili alkoholi zilizoonjeshwa selulosi.

Kwa kuanzia, tumia polivinili alkoholi yenye haidrolisisi ya asilimia 87 hadi 89, yaani ile ambayo kiasi hicho cha vikundi vyake vya asetati kimegeuzwa kuwa haidroksili. Ile ya asilimia 99 hudai maji ya moto zaidi, huelekea kuganda ikikaa, na mvutano wake wa uso ni mkubwa zaidi. Ipashe moto wa nyuzijoto 80 hadi 90 za Selsiasi ukikoroga hadi mmumunyo uwe angavu, iache ipoe, ongeza kaboksimethili selulosi kiasi cha asilimia 5 ya yabisi, kisha funika chombo hadi mapovu yatoke. Weka sindano sentimita 15 kutoka kwenye bamba lililofunikwa kwa karatasi ya alumini, pampu kwenye mililita 0.3 hadi 0.5 kwa saa, na pandisha volti polepole ukiitazama ile koni ya Taylor. Kwa kawaida hutulia baina ya kilovolti 12 na 20. Uzi ukitoka na shanga shanga, ongeza wingi wa polima. Utando ukiwa majimaji, punguza mwendo wa pampu au sogeza bamba mbali. Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na ukishapata uzi laini ndipo upandishe kaboksimethili selulosi hatua kwa hatua mpaka utakapoona shanga zinarejea. Huo ndio mpaka wa mchanganyiko wako, na kuueleza kwa takwimu ni kazi inayotosha sura nzima.

Ndugu Maalim, mimi ni mwalimu wa fizikia kutoka Wete, na kwa shahada ya uzamili ninatumia selulosi asetati iliyoyeyushwa katika asetoni. Januari na Februari nilipata utando mweupe mzuri. Tangu masika yaanze, kwa mmumunyo uleule na volti zilezile, nyuzi zimekuwa nene, na sindano, ambayo tangu mwanzo ilikuwa na tabia ya kuziba, sasa huziba zaidi. Mwenzangu anayetumia polivinili alkoholi analalamikia jambo jingine: nyuzi zake hufika zikiwa mbichi na kugandana. Je, mvua inahusika? Na je, inawezekana kuigeuza asetati iwe selulosi tena?

Inahusika sana, mwalimu, na malalamiko yenu mawili ni ya chanzo kimoja. Mwenzako anatumia maji kama kiyeyushi, na hewa ya visiwani, ambayo unyevu wake mara nyingi ni mkubwa mwaka mzima na huzidi wakati wa masika, haina tena nafasi ya kuyapokea maji hayo. Mchirizi wake una sehemu ndogo ya sekunde tu ya kukauka kabla haujagonga bamba. Ukigonga ukiwa bado na maji, nyuzi huungana zinapokutana na umbo la uzi hupotea.

Kwako wewe kinachotokea ni kingine. Asetoni huyeyusha selulosi asetati, yaani selulosi iliyopachikwa vikundi vya asetili, lakini maji hayaiyeyushi. Asetoni inapokimbia hupoza uso wa mchirizi, mvuke wa maji ulio hewani ukavutwa hapo, na polima ikaganda mapema kuanzia nje. Uzi ulioganda mapema hauwezi kuendelea kurefuka na kukonda, kwa hiyo hubaki mnene, na pengine ukiutazama kwa darubini ya elektroni utaona vishimo usoni mwake. Ndiyo maana mmoja wenu nyuzi zake hazikauki na mwingine zinawahi kuganda, ingawa mko katika chumba kimoja.

Dawa yake ni kuitawala hewa iliyomo ndani ya kisanduku cha mashine, kwani kuikausha hewa ya chumba kizima ni gharama. Jengeni kisanduku cha akriliki kinachofungika vizuri, wekeni ndani kipima unyevu, na pitisheni hewa iliyokaushwa kwa jeli ya silika kabla ya kuanza. Lengeni unyevu wa asilimia 30 hadi 50 na muuandike kwenye daftari pamoja na volti na umbali. Jeli ikibadilika rangi, ikausheni katika oveni kwa nyuzijoto karibu 120 na itatumika tena. Kiyoyozi pekee kinaweza kuwahadaa: huondoa maji kiasi, lakini pia huipoza hewa, na hewa iliyopoa hushiba upesi, kwa hiyo kipimo cha unyevu kinaweza kushuka kidogo kuliko mnavyodhani. Aminini kipimo, msiamini baridi mnayoisikia kwenye ngozi.

Kuziba kwa sindano kuna sababu ya pili, nayo ni kwamba asetoni huchemka kwa nyuzijoto 56 na hukauka kwenye ncha ya sindano kabla ya kuvutwa. Ichanganye na dimethiliasetamaidi, kiyeyushi kingine ambacho huchemka kwa nyuzijoto 165, kwa uwiano wa 2 kwa 1, na weka selulosi asetati asilimia 15 hivi. Mchanganyiko huo hupatana vizuri kwa sababu asetoni huukausha uzi na mwenzake huiacha ncha ya sindano ikiwa laini. Polima hii ina historia ndefu katika fani yetu: Anton Formhals aliitumia katika hataza yake ya Marekani ya mwaka 1934, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Wasovieti walikuwa wakitengeneza vichujio vya barakoa za gesi kwa nyuzi za selulosi asetati zilizosokotwa kwa umeme.

Kuhusu kuirudisha kuwa selulosi: inawezekana, na kwa maoni yangu ndiyo njia bora kwa anayetaka utando wa selulosi tupu. Selulosi halisi haiyeyuki katika maji wala katika viyeyushi vya kawaida, na ukiipasha moto huungua kabla ya kuyeyuka. Kuisokota moja kwa moja hudai viyeyushi ghali ambavyo havikauki hewani, hata uzi hulazimika kuoshwa ndani ya maji ndipo ugande. Kwa hiyo sokota asetati kwanza, kisha loweka utando katika ethanoli yenye sodiamu haidroksaidi ya moli 0.05 kwa lita kwa saa 24, uusuuze kwa maji hadi usiwe na alkali, na uukaushe ukiwa umebanwa pembeni ili usijikunje. Una kipimo rahisi cha kujua kama kazi imekamilika: asetati ya kawaida ya kuyeyuka katika asetoni, yenye wastani wa vikundi 2.45 vya asetili kwa kila pete ya glukosi, hupoteza karibu asilimia 39 ya uzito wake ikigeuka selulosi kamili. Mizani yako ikionesha imepoteza asilimia 20 tu, uko nusu ya njia.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni, Mkoani. Kijana wangu anataka kujenga mashine hii nyumbani kwa ajili ya maonesho ya sayansi ya skuli. Nina flaibeki (transfoma za volti kubwa) za televisheni za zamani zinazotoa kilovolti 20 na zaidi. Zitafaa?

Volti zitatosha, fundi, lakini sikushauri. Kusokota nyuzi kunahitaji mkondo mdogo mno, wa maikroampea chache, ilhali flaibeki inaweza kutoa mkondo mkubwa kuliko huo mara nyingi, na ukiiongezea kapasita ya kulainisha umeme, itabaki na chaji hata baada ya kuzimwa. Unalijua hilo kuliko mimi, kijana halijui. Tafuteni chanzo cha umeme kilichotengenezwa kwa maabara, chenye mkondo uliowekewa kikomo cha chini ya miliampea 1, na hata hicho kifungiwe ndani ya kisanduku ambacho mlango wake ukifunguliwa umeme unakatika wenyewe. Kuwe na fimbo ya kuondolea chaji, iliyounganishwa na ardhi, na iguse sindano kabla ya mkono wa mtu.

Jambo la pili ni kiyeyushi. Mvuke wa asetoni huwaka ukifika asilimia 2.5 tu ya hewa, na cheche ya kilovolti 20 inatosha kuuwasha. Dimethiliasetamaidi nayo hupenya ngozi na inajulikana kudhuru mimba. Kwa maonesho ya skuli tumieni polivinili alkoholi na maji, basi, na mwalimu awepo.

Maalim, sisi ni kikundi cha kina mama Bwejuu, tunalima mwani na wengine wetu tunasokota kamba za usumba. Tumesikia kuwa nyuzi hizi hutokana na mimea. Je, mwani wetu na makumbi yetu yanaweza kutumika?

Nakushukuruni, kina bibi. Nianze na mwani. Kotonii na spinosamu mnazolima ni hazina ya karajinani, ile dutu ya mwani inayogandisha vimiminika, si ya selulosi. Kotonii hutoa aina ya kapa na spinosamu hutoa aina ya iota. Selulosi imo katika kuta za mmea, lakini ni kidogo na haitoshi kuutafutia mwani soko jipya kwa jina hilo. Karajinani yenyewe inaweza kuchanganywa na polivinili alkoholi na kusokotwa, ingawa ina tabia ileile ya chaji tuliyomweleza mwanafunzi wa Tunguu hapo juu.

Makumbi yana selulosi, lakini yana pia lignini, dutu inayoufanya mmea uwe mgumu kama mti, ambayo katika usumba hufikia kiasi kinacholingana na selulosi au kuizidi. Lignini hiyo ndiyo inayoufanya usumba mnaouvumbika pwani miezi kadhaa usioze, na ndiyo sababu kamba yenu hudumu katika maji ya chumvi. Kwa mkemia ni mzigo: lazima aiondoe kwa kuchemsha katika kostiki (sodiamu haidroksaidi), kisha apaushe, kisha ageuze selulosi iliyobaki kuwa asetati kwa kemikali kali ambazo hazifai kabisa kuingia katika uwanja wa nyumba. Pamba, ambayo ni zaidi ya asilimia 90 selulosi, humpunguzia kazi hiyo yote, hata ikiwa ni matambara. Mtu akija kununua makumbi yenu kwa ahadi ya nyuzi za nano, mwulizeni kiwanda cha kuondoa lignini kiko wapi, na mpaka atakapojibu, endeleeni kuuza kamba.

Ninafanya kazi katika duka la dawa Chake Chake. Nimefikiria kutengeneza utando wa kufungia vidonda wenye mafuta ya karafuu, kwa kutumia mchanganyiko wa polivinili alkoholi na kaboksimethili selulosi. Wazo hili lina mashaka gani?

Wazo ni zuri na limeshajaribiwa kwa namna mbalimbali, kwa kuwa yujino, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, huzuia bakteria wengi, na utando wa nyuzi hizi hupitisha hewa huku ukinyonya majimaji ya kidonda. Mashaka yako katika uchaguzi wa polima. Mchanganyiko ulioutaja huyeyuka katika maji. Ukiuweka juu ya kidonda kibichi, utageuka ute. Itakubidi uufunganishe minyororo yake baada ya kusokota. Watafiti wengi hutumia mvuke wa glutaraldehaidi, nayo ni sumu kwa seli na lazima mabaki yake yaoshwe kwa uangalifu. Asidi ya sitriki ni salama zaidi, lakini hudai joto la nyuzijoto zaidi ya 100 katika oveni, na joto hilo litayakimbiza mafuta ambayo ndiyo kusudi la kazi nzima. Tena mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo utahitaji kitu cha kuyashikilia yasijitenge ndani ya bomba la sindano.

Kwa sababu hizo ningekushauri uhamie kwenye selulosi asetati. Haiyeyuki katika maji, haihitaji kufunganishwa, na mafuta ya karafuu huyeyuka moja kwa moja katika asetoni pamoja nayo. Huko Pemba malighafi haiko mbali, kwani mafuta ya makonyo hukamuliwa Wawi, hapo karibu nawe. Hakikisha tu unajua unachonunua, maana mafuta ya makonyo, ya majani na ya karafuu yenyewe hayalingani kwa kiasi cha yujino, na kwa kazi ya tiba unahitaji cheti cha uchambuzi cha kila shehena.

Anza na mafuta kidogo. Yujino ikizidi huunguza ngozi na kuua hata seli zinazojenga kidonda, na kipimo kinachoua bakteria kinaweza kuwa karibu na kipimo kinachodhuru mgonjwa. Pima pia muda wa kudumu kwake: uzi mwembamba una uso mpana mno kwa uzito wake, kwa hiyo mafuta hutoroka humo upesi. Pima uzito wa utando siku ulioutengeneza, gawanya katika pakiti za foili zilizofungwa na zilizo wazi, kisha upime tena kila wiki. Lakini kumbuka kuweka kando utando usio na mafuta, ukipimwa kwa namna ileile, ili usije ukahesabu unyevu ulioingia kutoka hewani kuwa ni mafuta yaliyobaki. Majaribio ya bakteria katika sahani za maabara unaweza kuyafanya kwa kushirikiana na chuo. Kuugusisha kidonda cha mtu ni suala jingine, linalotaka kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa afya, na ukifika mahali pa kuuza, la Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.